Mlipuko wa Juni 2015: supanova iliyozidi zote, au nyota iliyoraruliwa na shimo jeusi?

Usiku wa Juni 14, 2015, kwenye mlima wa Cerro Tololo nchini Chile, kamera zenye lenzi za upana wa sentimita 14 zilipiga picha ya kipande cha anga ya kusini, kama zilivyozoea kufanya kila usiku usio na mawingu. Lenzi hizo hazizidi upana wa kisosi cha chai. Kompyuta ikaitoa picha ya zamani kutoka kwenye picha mpya. Kila kilichokuwepo siku zote kikafutika, ikabaki nukta moja.

Nukta hiyo ndiyo kisa chetu. Mradi ulioinasa unaitwa ASAS-SN na unaendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani. Nukta ikapewa jina ASASSN-15lh. Jina la kitu nimeliacha lilivyo, maana anga haina pa kufichia; majina ya watu nimeyaondoa. Nitasema "kundi la kwanza" na "kundi la pili", kwa kuwa ninachotaka tukitazame ni namna walivyofikiri, hatua kwa hatua. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita huniuliza swali lilelile kila ninapowachorea mng'ao wa kitu hiki ubaoni: "Mwalimu, nguvu yote hiyo ilitoka wapi?" Ni swali zuri mno, na jibu lake lilibadilika ndani ya mwaka mmoja.

Usuli

Supanova ya kawaida inaeleweka vizuri kiasi. Nyota kubwa inapomaliza fueli yake, kiini kinaporomoka kwa chini ya sekunde moja na tabaka za nje zinatupwa angani. Aina nyingine, iitwayo Ia, ni kibete cheupe, yaani kiini kilichobaki cha nyota iliyokufa, kinacholipuka chote kisibaki kitu. Watu wengi hudhani kwamba mwanga unaoonekana wiki kadhaa baadaye ni moto wa mlipuko wenyewe. Kwa sehemu kubwa sivyo. Gesi inayotanuka kwa kasi hiyo hupoa upesi, na ingefifia mapema kama isingekuwa na kitu cha kuipasha joto kutoka ndani. Kinachoipasha ni nikeli-56, madini yaliyozaliwa ndani ya mlipuko. Nusu yake hugeuka kobalti-56 kila baada ya siku 6, na kobalti nayo hugeuka chuma, nusu kwa nusu, kila baada ya siku 77. Supanova ya aina ya Ia hutengeneza nikeli yenye uzito wa nusu ya Jua au zaidi kidogo, na hiyo inatosha kuifanya ing'ae kama Jua bilioni kadhaa.

Kisha ikaja milipuko isiyoenea katika hesabu hiyo. SN 2005ap (SN ni kifupi cha supanova) ilikuwa miongoni mwa ya kwanza. SN 2006gy ikafuata mwaka mmoja baadaye. Kufikia 2011 wanafalaki walikuwa wamelitambua kundi zima: milipuko inayozidi supanova za kawaida mara 10 hadi 100. Mingine ina hidrojeni kwenye mwanga wake, mingine haina. Isiyo nayo ilikuwa na tabia moja iliyojirudia: karibu yote ilitokea katika galaksi ndogo, changa, zenye madini machache mazito na nyota nyingi zinazoendelea kuzaliwa. Shika hilo la makazi, tutalirudia.

Mfuatano wa mambo

Wiki moja baada ya nukta kuonekana, kundi la kwanza lilielekeza darubini ya du Pont, yenye kioo cha mita 2.5, iliyoko Las Campanas huko huko Chile. Walitaka spektra, yaani mwanga uliotawanywa rangi kwa rangi ili uonyeshe ni elementi gani zimeacha alama. Waliyopata yalikuwa ya ajabu kwa upole wake: mteremko laini wa mwanga wa buluu, gesi yenye joto la takribani digrii 20,000, bonde moja pana, yaani sehemu ya rangi ambako mwanga umepungua, basi. Hidrojeni hakuna. Heliamu hakuna. Katika kumbukumbu za spektra kilichofanana nayo kwa mbali ni mlipuko mmoja mkali uliopatikana mwaka 2013. Kama ndugu yake ni huyo, basi nukta iko mbali sana. Na kama iko mbali kiasi hicho na bado lenzi ya upana wa kisosi imeiona, basi mng'ao wake halisi hauna mfano.

Ndiyo maana umbali ulihitaji uthibitisho usio na shaka, na hapo Afrika ikaingia. Darubini ya SALT iko Sutherland, katika nyanda kavu za Afrika Kusini, na kioo chake kimeungwa kwa vipande 91 vya pembe sita. Spektra yake ilionyesha mistari miwili myembamba iliyokaa bega kwa bega. Ni alama ya magnesi. Maabara inatuambia mistari hiyo hukaa kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 279.6 na 280.3. Hapa ilikutwa karibu na 345. Gawanya: 345 kwa 280 ni 1.23. Ulimwengu ulikuwa umeuvuta mwanga huo kwa asilimia 23 tangu uondoke kwake. Aliyeongoza kundi la kwanza alipata habari hizo saa nane za usiku huko Beijing, Julai 1, na amesema kwamba usingizi haukumjia tena.

Niweke sawa jambo moja hapa, maana linawachanganya wengi. Utasoma mahali pengine kwamba kitu hiki kiko umbali wa miaka ya nuru bilioni 3.8, na pengine kwamba ni bilioni 2.8. Hakuna aliyekosea. Mwanga umesafiri kwa miaka bilioni 2.8 hivi. Ile 3.8 ni umbali unaotumika kukokotoa mng'ao, nao huwa mkubwa zaidi kwa sababu ulimwengu umetanuka wakati mwanga ukiwa njiani.

Umbali ulipopatikana, hesabu ikatoka: kwenye kilele, mng'ao wa Jua bilioni 570. Galaksi yetu nzima, Njia Nyeupe na nyota zake zote, ingehitajika kuzidishwa mara 20. Aliyekuwa akishika rekodi alizidiwa zaidi ya maradufu. Picha za nyuma zilipochunguzwa upya zilionyesha nukta ikipanda tangu Mei; kilele kilikuwa kimepita mapema Juni, kabla hata haijatambuliwa. Katika miezi minne ya mwanzo ilitoa nishati kiasi cha mara kumi ya ile ambayo Jua litaitoa katika uhai wake wote wa miaka bilioni 10.

Ikaanza kufifia, kama inavyotarajiwa. Halafu, karibu na Septemba, setilaiti ya Swift ikaona jambo ambalo hakuna aliyelitabiri: kwenye mwanga wa urujuanimno nukta ilikuwa inapanda tena. Haikuwa cheche ya siku mbili. Ilipanda na kudumu kwa wiki nyingi, na joto likapanda nayo.

Makala ya kundi la kwanza ilichapishwa katika jarida la Science mnamo Januari 2016, ikikitaja kitu hicho kuwa supanova yenye mng'ao uliopita wote. Desemba mwaka huohuo kundi la pili, baada ya kukifuatilia kwa miezi kumi kwa darubini za Chile na ya Hubble, likaandika katika Nature Astronomy kwamba hakuna nyota iliyolipuka. Kulikuwa na nyota iliyoraruliwa.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kundi la kwanza kuiita supanova haukuwa wa pupa. Walikuwa na sababu tatu za kuheshimiwa. Spektra ilifanana, angalau kwa bonde moja kubwa, na za milipuko mikali isiyo na hidrojeni. Joto lilishuka taratibu kadiri gesi ilivyotanuka, kama supanova ifanyavyo. Na kurarua nyota, ambako walikufikiria, kwa kawaida huacha mistari mipana ya hidrojeni au heliamu, maana nyota imejaa gesi hizo. Hapa hapakuwa na mistari hiyo.

Lakini waliona pia kwamba makazi hayakulingana. Galaksi yenyewe ilikuwa kubwa, yenye mng'ao unaozidi wa Njia Nyeupe, na karibu imeacha kuzaa nyota. Nyota nzito huishi miaka milioni chache tu na hufia palepale ilipozaliwa. Kuikuta ikifa katika galaksi ya namna hiyo ni kama kusikia kilio cha kichanga katika nyumba wanamoishi wazee watupu. Kundi la kwanza liliandika jambo hilo waziwazi, likaliita la kushangaza, likaendelea na jina la supanova. Kwa maoni yangu hapa ndipo kisa kilipogeukia, na nitaeleza.

Kundi la pili lilianza upande wa pili. Badala ya kuuliza "supanova hii inaendeshwa na nini?" liliuliza kwanza "kitu hiki kimekaa wapi?" Picha za Hubble zilijibu: kwa kadiri vipimo vinavyoweza kutenganisha, kimekaa kwenye kiini cha galaksi. Na kwenye kiini cha galaksi kubwa hukaa shimo jeusi kubwa.

Uamuzi uliozisaidia pande zote mbili ulikuwa wa kutokuacha kutazama. Baada ya rekodi kutangazwa ingekuwa rahisi kupeleka Swift kwenye kazi nyingine, na bila vipimo vile vya Septemba na kuendelea, mjadala huu usingekuwepo.

Injini nne mezani

Ya kwanza ni nikeli. Kufikia mng'ao huo kungehitajika nikeli-56 yenye uzito wa Jua 30 au zaidi. Zipo nyota za kinadharia, zenye uzito wa Jua kati ya 140 na 260, ambazo zinaweza kulipuka zote kwa pamoja na kutoa nikeli nyingi. Ila nikeli nyingi hukaa ndani ya gesi nyingi zaidi, na mwanga huchukua miezi mingi kupenya gesi nzito. Nukta hii ilipanda na kushuka upesi mno. Nikeli ikaondolewa mezani mapema, na sidhani kuna aliyeililia.

Ya pili ni mgongano: nyota inatapika tabaka za gesi miaka kadhaa kabla ya kufa, halafu mlipuko unazigonga na mwendo unageuka mwanga. Injini hii ina ushahidi mzuri kwingineko. Hapa ilipungukiwa na alama zake, kwa sababu mgongano huacha mistari myembamba ya gesi iliyotangulia. Kuna waliotengeneza mifano ya tabaka zisizo na hidrojeni, na kwa tabaka mbili unaweza hata kuupata mpando wa pili. Lakini nishati inayohitajika inakuwa kubwa kiasi cha kutia mashaka.

Ya tatu ndiyo iliyopendwa zaidi, nami naipenda kwa uzuri wake: magneta. Kiini cha nyota kinaporomoka na kuwa mpira wa nyutroni wa kilomita 20 hivi kwa upana, wenye usumaku mkali mno, unaozunguka kama pia ya mtoto mara elfu moja kwa sekunde. Usumaku unaozunguka hutoa upepo mkali wa mnururisho na chembe, pia hiyo ya nyutroni inapungua mwendo, na nishati ya mzunguko inahamia kwenye gesi ya mlipuko kama joto. Milipuko mingi mikali isiyo na hidrojeni inaelezeka hivyo bila taabu. Tatizo la ASASSN-15lh ni bajeti. Pia ya nyutroni haiwezi kuzunguka upesi kuliko kiwango fulani, la sivyo itapasuka, na kwa kawaida hukadiriwa kuhifadhi nishati isiyozidi mara tatu hivi ya mwanga tuliouona katika miezi minne ile. Mwanga pekee ulikula zaidi ya theluthi ya akiba yote, bado hujalipia kuirusha gesi yenyewe. Inawezekana, ikiwa kila kitu kitakwenda sawa kabisa. Watafiti wachache wakapendekeza nyota ya kwaki, yaani chembe ndogo zinazounda nyutroni, badala ya nyutroni ili kupata akiba kubwa zaidi. Nyota ya namna hiyo haijathibitishwa kuwepo.

Ya nne ni shimo jeusi. Hii tuifanyie hesabu, kwa sababu hesabu yake inafundisha kuliko maelezo.

Nyota inayolikaribia shimo jeusi huvutwa kwa nguvu upande wa karibu kuliko upande wa mbali, kama bahari inavyovutwa na Mwezi maji yakajaa na kupwa. Kuna umbali ambapo mvuto huo unashinda nguvu ya nyota ya kujishikilia. Kuupata kwa kukadiria, zidisha nusu kipenyo cha nyota kwa mzizi wa tatu wa idadi ya mara ambazo shimo linaizidi nyota uzito. Kwa Jua, nusu kipenyo ni kilomita 696,000. Kwa shimo lenye uzito wa Jua milioni 100, mzizi wa tatu ni 464. Jibu: kilomita milioni 323. Sasa tafuta mpaka wa kutorudi, ambao kwa shimo lisilozunguka ni takribani kilomita 3 kwa kila uzito wa Jua mmoja: kilomita milioni 300. Namba mbili zimekaribia kugusana. Shimo likizidi uzito huo, nyota inavuka mpaka ikiwa nzima, inamezwa kimya, hatuoni kitu.

Shimo la galaksi hii linakadiriwa kuwa na uzito wa mamia ya mamilioni ya Jua. Uchunguzi wa nyota za galaksi uliochapishwa 2018 ulitoa takribani milioni 500. Kwa hesabu yetu ya ubaoni Jua lingeraruliwa likiwa kilomita milioni 550 kutoka katikati, wakati mpaka uko kilomita milioni 1,480. Kwa hiyo nadharia ya kundi la pili imekufa? Hapana, na ndipo uzuri wake ulipo. Shimo linalozunguka kwa kasi huurudisha mpaka wake ndani, na hesabu kamili ya Einstein, si hii yetu ya Newton, inaruhusu nyota kama Jua kuraruliwa nje ya mpaka hata na shimo la uzito wa Jua milioni 700, mradi nyota imekuja kwa njia inayofuata mzunguko wa shimo. Kundi la pili halikuongeza mzunguko kama kiraka. Uzito wa shimo uliwalazimisha, na mzunguko ukawapa pia maelezo ya kule kupanda mara mbili: kwanza mabaki ya nyota yanagongana yenyewe kwa yenyewe, kisha yanatulia kuwa sahani ya gesi moto inayolizunguka shimo, nayo ikang'aa kwa urujuanimno.

Matokeo

Hakuna hukumu iliyosainiwa na wote. Hata hivyo uzito wa ushahidi ulihamia upande wa shimo jeusi, na mimi niko upande huo. Kiini cha galaksi, galaksi kongwe, mpando wa pili wa joto na urujuanimno, na chanzo cha eksirei laini (zenye nishati ndogo) kilichoonekana mahali hapohapo na darubini ya angani ya Chandra: kimoja kimoja kinaweza kujibiwa na mtetezi wa magneta, vyote kwa pamoja vinamchosha.

Faida nyingine ilionekana baadaye. Mwaka 2023 kilitangazwa kitu kiitwacho AT2021lwx, ambacho wakati huo kilikuwa kimeng'aa kwa zaidi ya miaka mitatu, kikiwa na mng'ao wa kilele wa Jua trilioni 2 hivi. Waliokichunguza waliiweka supanova, nyota iliyoraruliwa na wingu la gesi linalomezwa na shimo jeusi kwenye mizani moja tangu mwanzo, wakaliegemea wingu.

Kilichofaulu na kilichokwama

Kilichofaulu zaidi ni umbali. Mistari miwili ya magnesi imestahimili kila mjadala uliofuata. Hata wanaopinga kila kitu kingine wanaanza na 1.23 ileile. Vifaa vidogo navyo vilistahili heshima: kazi ya lenzi za sentimita 14 ilikuwa kutazama anga yote bila kuchagua galaksi. Miradi ya zamani ililenga galaksi zilizochaguliwa na mara nyingi ilikwepa viini vyake, ambako mwanga mwingi huchanganya hesabu. Kwa mtindo huo nukta hii ingepita.

Kilichokwama ni jina. Kiambishi cha SN kilichomo ndani ya jina la mradi, na ulinganisho wa kwanza na mlipuko wa 2013, viliwafanya watu wengi, mimi nikiwemo nilipoifundisha mara ya kwanza, kuuliza injini ya supanova kabla ya kuuliza kama ni supanova. Ulinganisho wenyewe ulikuwa na tundu. Milipuko mikali isiyo na hidrojeni kwa kawaida huonyesha mabonde mawili ya oksijeni jirani. Nukta hii ilikuwa na moja. Bonde linalokosekana lilitajwa, lakini halikupewa uzito wa lile lililokuwepo.

Na makazi? Nimesema kisa kiligeukia hapo, lakini sitaki mtu aondoke na kanuni ngumu. Mei 2017 ulionekana mlipuko wa SN 2017egm katika NGC 3191, galaksi kubwa yenye mikono iliyojipinda na madini mazito tele, kinyume kabisa na makazi yaliyozoeleka, na kila kipimo kilisema ni mlipuko mkali wa kawaida usio na hidrojeni. Makazi peke yake yangetudanganya. Tofauti ni kwamba 2017egm haikuwa kiinini, na galaksi yake bado inazaa nyota.

Upande wa shimo jeusi una deni lake pia, na ni lilelile lililowazuia kundi la kwanza: hidrojeni. Nyota iliyoraruliwa ilikuwa imejaa gesi hiyo, na spektra za kilele hazionyeshi hata mstari mmoja mpana. Huenda gesi ilikuwa moto mno hata hidrojeni ikapoteza elektroni zake zote, isibaki na cha kuacha alama. Katika joto la digrii 20,000 hilo si la kubuni, ila nyota nyingine zilizoraruliwa zilikuwa na joto hilohilo na alama zikaonekana.